Jiko la udongo na bati baada ya miezi 9: linaokoa makaa kweli, lakini hesabu yake ya gesijoto haijakamilika

Jiko ninaloliandikia hapa nililinunua miezi tisa iliyopita kwa fundi wa bati aliye karibu na soko la Virunga, hapa Goma, kwa dola 12, wakati mbabula, yaani jiko la kawaida la bati tupu, iliuzwa pembeni yake kwa dola 4. Ni jiko la makaa lenye kiuno chembamba, bati nje na kikombe cha udongo wa kuchomwa ndani, la aina iliyoenea Afrika Mashariki tangu mafundi wa Kenya walipoanza kulitengeneza miaka ya 1980. Ubavuni lilikuwa limebandikwa karatasi yenye maneno makubwa, “Hupunguza gesijoto”, yaani gesi zinazoipasha dunia joto, na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba linaokoa nusu ya makaa na kwamba familia moja inayolitumia huzuia tani mbili za gesi kwa mwaka. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, na nyumbani tuko watu wanane tunaopika kwa makaa kila siku, kwa hiyo karatasi ile ilinigusa pande mbili: kama mama wa nyumba nilitaka kujua gunia litadumu siku ngapi, na kama mwalimu nilitaka kujua tani hizo mbili zimetoka wapi. Fundi hakuweza kunieleza. “Mama, hayo waliyaandika waliotupa mafunzo, kazi yangu mimi ni jiko,” alisema, na alisema kweli. (Makaa ndiyo tunayoyaita makala hapa mjini, ninaandika makaa ili nieleweke pia na wasomaji walio nje ya Kongo.)

Nilianza majaribio kwa maharagwe, kwa kuwa ndiyo yanayomaliza gunia. Goma iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzi 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yetu hukaa motoni muda mrefu kuliko ya mtu wa pwani. Nilitumia kilo moja ya maharagwe ya aina moja, sufuria ileile na mfuniko wake, na makaa kutoka gunia moja, Jumamosi mbili zilizofuatana, nikapima kwa mizani niliyoazima kwa jirani anayeuza unga. Mbabula ya zamani ilikula kilo 1 na gramu 500 za makaa, na jiko jipya lilikula gramu 900. Sababu utaihisi ukisogeza kiganja karibu na ubavu: mbabula ya bati tupu hukuunguza ukiwa bado umbali wa shubiri moja, kwa maana joto ulilolinunua linatorokea uani, lakini kwenye jiko la udongo unaweza kusogeza kiganja mpaka karibu kugusa bati. Maji yakishachemka unafunga kidirisha cha hewa nusu, na makaa hubaki mekundu, bila miali, kwa saa mbili pasipo kuongezwa.

Hata hivyo kipimo cha Jumamosi siyo maisha ya jikoni. Gunia letu la kilo 70 lililokuwa likidumu siku 28 sasa linadumu siku 40 au 41, yaani tunaokoa theluthi moja au pungufu kidogo, wala siyo nusu kama karatasi inavyodai. Tofauti inatokana na mambo ambayo hakuna anayeyapima: mtoto anasahau kidirisha wazi, makaa yanaachwa yakiwaka baada ya chai, na kwa kuwa jiko halina moto mkali mwanzoni, anayepika anajaza makaa mengi kuliko yanayohitajika. Nilipowafundisha wanangu kujaza kikombe hadi robo tatu tu, hali ilikuwa nzuri zaidi. Kwa upande wa fedha sina malalamiko, kwani nyongeza ya dola 8 niliyolipa ilirudi kabla gunia la pili halijaisha, na wanaoishi mjini hapa wanajua jinsi bei ya gunia inavyopanda kila barabara ya Rutshuru au ya Masisi inapofungwa.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni ugali. Jiko hili lina kiuno chembamba na masikio matatu ya chuma yanayobeba sufuria, na unapousonga ugali wa watu wanane kwa mikono miwili, jiko zima linayumba, hasa kwenye ua kama wetu ambao sakafu yake ni mawe ya volkano yasiyo sawa. Mara mbili sufuria iliteleza, na mara ya pili ilibaki kidogo imwagikie miguu ya binti yangu aliyekuwa akisonga. Tangu siku hiyo ugali tunausongea kwenye mbabula ya zamani iliyozungushiwa mawe, jambo ambalo linapunguza akiba niliyoitaja. Kasoro ya pili ni kwamba linachelewa kushika moto, na anayelichukua aliwashie nje mpaka moshi na harufu kali viishe, na hata vikiisha asilale nalo chumbani, kwa sababu makaa yanayoungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu waliolala na jiko chumbani. Jiko kuitwa bora hakuliondolei hatari hiyo.

Kasoro ya tatu ilitokea mwezi wa saba wa kulitumia: kikombe cha udongo kilipasuka kutoka ukingoni hadi kwenye matundu ya chini. Niliahidiwa kwa mdomo kwamba kitadumu mwaka mzima, lakini niliporudi niliambiwa kwamba lazima nililimwagia jiko maji. Sikulimwagia. Nadhani udongo ulichomwa haraka mno, kwa kuwa ndani ya ufa rangi ilikuwa ya kijivu, wakati ukingoni ulikuwa mwekundu, na hiyo ni dalili ya tofali au chungu ambacho moto haukukifika katikati. Sikutaka kugombana, nikamtuma mwanangu kwa mfinyanzi mwingine, naye alinitengenezea kikombe kipya kwa theluthi ya bei ya jiko zima. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi jiko likipasuka hulitupa na kurudia mbabula ya bati, na hapo ahadi yote ya karatasi inakuwa imekwisha.

Sasa nije kwenye karatasi yenyewe. Jirani yangu mwenye mizani, nilipomsimulia kwamba jiko linapunguza gesi, aliniuliza swali ambalo nadhani kila mtu wa Goma angeliuliza: “Mwalimu, gesi hiyo ndiyo mazuku?” Nilimjibu kwamba ndiyo, ni ileile. Mazuku, ile hewa ya chini ya ardhi inayojikusanya kwenye mabonde ya mawe ya volkano na kuua mbuzi, na wakati mwingine watoto, kwa sehemu kubwa ni kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama shimoni kama maji, na anayeingia anakosa pumzi. Lakini hewa ukaa inayotoka jikoni haiui kwa njia hiyo, kwa sababu inasambaa angani na kuwa kidogo sana: leo, katika kila chembe milioni moja za hewa ya dunia, chembe zaidi kidogo ya 420 ni hewa ukaa, na kabla ya viwanda zilikuwa karibu 280. Kiasi hicho hakimzuii mtu kupumua, ila kinaizuia dunia kupoa.

Namna kinavyoizuia ninaifundisha kwa kutumia usiku wa Goma. Mchana jua linapasha joto ardhi, na usiku ardhi inalirudisha joto hilo angani kwa mionzi isiyoonekana kwa macho. Usiku usio na mawingu tunatetemeka, lakini usiku wenye mawingu mazito tunalala bila blanketi la pili, kwa sababu mvuke na matone ya maji yaliyoko juu yanainasa ile mionzi na kurudisha sehemu yake chini. Naitrojeni na oksijeni, ambazo pamoja ni asilimia 99 hivi ya hewa kavu, haziinasi. Mvuke wa maji, hewa ukaa, methani na oksidi ya naitrojeni ndizo zinazoinasa, na bila gesi hizo wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya nyuzi 15 hivi tulizo nazo. Kwa hiyo gesijoto zenyewe siyo adui. Taabu ni nyongeza, kwa kuwa mvuke huanguka kama mvua ndani ya siku chache, lakini sehemu isiyo ndogo ya hewa ukaa tunayoiongeza hubaki angani kwa karne nyingi, na nyongeza hiyo ndiyo iliyokwisha kuipasha dunia kwa nyuzi 1.1 katika muongo wa 2011 hadi 2020, ukilinganisha na nusu ya pili ya karne ya 19.

Wako wanaosema, nami nimelisikia mara nyingi kwenye foleni ya maji, kwamba Nyiragongo inatoa moshi zaidi ya majiko yote ya dunia. Siwalaumu, kwani tulioukimbia mlima huu mwaka 2002 na tena Mei 2021 tunajua ukubwa wake. Lakini volkano zote za dunia zikijumlishwa hutoa takriban asilimia 1 tu, au pungufu, ya hewa ukaa inayotolewa na binadamu kila mwaka, na sehemu kubwa ya hiyo ya binadamu hutoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa katika nchi zenye viwanda. Mama wa Majengo, mtaa wa hapa mjini, anayepika maharagwe siye aliyeifikisha dunia hapa, na jiko lolote linalouzwa kwa kumtwisha yeye lawama hiyo linauzwa kwa uongo.

Nikirudi kwenye tani mbili, hesabu nilifanya na wanafunzi wangu ubaoni. Kabla ya jiko hili tulitumia magunia 13 kwa mwaka. Sasa yatakuwa 9. Akiba ni magunia manne, yaani kilo 280 za makaa. Makaa mazuri yana kaboni kama robo tatu ya uzito wake, na kila gramu 12 za kaboni zikiungua huchukua gramu 32 za oksijeni kutoka hewani na kuwa gramu 44 za hewa ukaa, ndiyo maana kilo moja ya makaa hutoa kilo mbili na robo tatu za gesi, jambo lililowashangaza wanafunzi mpaka walipokumbuka kwamba uzito wa oksijeni haukuwa ndani ya gunia. Kilo 280 basi ni kama kilo 770 za hewa ukaa. Hazifiki hata tani moja.

Lakini makaa hayazaliwi jikoni. Kwenye tanuru la udongo, lile la kufukia magogo na kuyaacha yaungue polepole, kilo moja ya makaa huhitaji kilo 5 hadi 10 za mti, kutegemea ukavu wa magogo na ustadi wa mchomaji. Tukichukua kilo 7, akiba yetu ni karibu tani 2 za mti, ambao nusu ya uzito wake mkavu ni kaboni, na kaboni hiyo ikienda yote hewani, pale tanuruni na kwetu jikoni, ni hewa ukaa ya tani 3 na nusu hivi. Hata ukiondoa vipande visivyoiva na vumbi la makaa linalobaki ardhini, unaona kwamba sehemu kubwa ya gesi ilishatoka kabla gunia halijapandishwa kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo. Na ule moshi mweupe wa tanuru hauna hewa ukaa peke yake. Una methani pia, kwa sababu mti unaungua bila hewa ya kutosha. Vipimo vilivyofanywa kwenye matanuru ya Kenya vilikuta makumi ya gramu za methani kwa kila kilo ya makaa. Methani hudumu angani kama miaka 12 tu, lakini kwa uzito uleule, katika kipindi cha miaka 100, huipasha dunia mara 28 hivi kuliko hewa ukaa. Gramu 40 kwa kila kilo, kwa kilo 280, ni kama kilo 11 za methani, sawa na zaidi ya kilo 300 za hewa ukaa. (Ni kwa sababu hiyohiyo kwamba methani iliyoyeyuka chini ya Ziwa Kivu, ambayo wenzetu wa Rwanda wanaivuta na kuichoma kwa umeme karibu na Kibuye, huwa na madhara madogo zaidi kwa tabianchi ikichomwa kuliko ikiachwa itoroke yenyewe.)

Kwa hiyo tani mbili zilizo kwenye karatasi ni kweli au siyo kweli? Zote mbili, kutegemea jambo moja ambalo karatasi haikulitaja: mti ulikatwa wapi, na je, mwingine unaota mahali pake? Mkaratusi wa shamba la mkulima ukikatwa na kuchipuka tena kisikini, baada ya miaka kadhaa utakuwa umeirudisha hewa ukaa yote kutoka angani, na kinachobaki kuhesabiwa ni methani ya tanuru na masizi. Mti mgumu wa msituni uliokatwa ndani ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, na mahali pake pakageuka shamba, haurudishi kitu, na hapo tani mbili ni makadirio madogo. Wauzaji wa Kituku, ambako makaa hushushwa kutoka kwenye mitumbwi, wanajua tofauti hii kuliko mtu yeyote, ingawa wanaijua kwa sababu nyingine. Makaa ya mti wa msituni ni mazito na yanalia kama kigae ukiyagonganisha. Ya mkaratusi ni mepesi, yanarusha cheche, na yanaisha haraka. Muuzaji atakugongea vipande viwili sikioni akisema, “Sikiliza, mama, haya siyo ya shamba,” na kwake hiyo ni sifa. Ndiyo maana ninathamini mpango wa EcoMakala ambao WWF, shirika la uhifadhi wa mazingira, iliuanza mwaka 2007, wa wakulima wadogo wa pembezoni mwa hifadhi kupanda miti kwa ajili ya makaa, kwani unagusa pale ambapo jiko peke yake haliwezi kufika.

Ninasisitiza hesabu hii kwa sababu tani za namna hii siku hizi zinauzwa. Kampuni ya mbali inayotaka kuonekana imefuta moshi wake hununua vyeti vya gesi iliyookolewa na majiko ya akina mama kama mimi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikuta kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilijihesabia akiba takriban mara 9 kuliko ilivyostahili. Kuandika “nusu” badala ya “theluthi” kwenye karatasi ya jiko ni jambo dogo kwa mnunuzi wa Goma, kwa kuwa bado anafaidika. Kwa anga si dogo, kwa sababu moshi wa kiwandani unaoruhusiwa kwa cheti hicho ni wa kweli, na sehemu kubwa ya akiba ya jikoni haipo.

Nasi ndio tunaoishi na matokeo. Kila hewa inapopata joto kwa nyuzi moja zaidi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo hushuka kwa kishindo. Mei 2023 mafuriko ya Kalehe, kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa letu, yalivifuta vijiji vya Bushushu na Nyamukubi na kuua watu zaidi ya 400. Wanasayansi waliochunguza kama mvua ile iliongezwa nguvu na mabadiliko ya tabianchi walishindwa kuamua, kwa sababu vituo vya kupima mvua katika eneo letu ni vichache mno. Uchache huo unaniuma kama mafuriko yenyewe. Hapa milima imekatwa miti kwa ajili ya makaa na mashamba, mvua ikija haina wa kuizuia, na hata kuiandika daftarini hakuna.

Kuhusu njia nyingine nitasema machache. Nyumba zilizounganishwa na umeme wa maji unaotoka Matebe, Rutshuru, zingefanya vizuri kupikia maharagwe kwa sufuria ya umeme ya mgandamizo, kwani inamaliza kwa chini ya saa moja na haina moshi. Gharama ya kununua sufuria na kuunganishiwa waya ndiyo kikwazo. Gesi ya mtungi ni safi kwa mapafu, na hilo siyo dogo, maana Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, ingawa kaboni ya gesi hiyo ya mtungi ni ya chini ya ardhi na hakuna mti utakaoirudisha huko.

Kwa mwenye kupikia makaa, basi, jiko hili linafaa kununuliwa, kwa masharti. Gonga kikombe kwa ukucha kabla ya kulipa: kinapaswa kulia wazi, na kikilia kizito, kama kilichojaa unyevu, kiache. Tazama kama kidirisha kinafunga hadi mwisho. Uliza ni nani anayetengeneza vikombe vya akiba na kwa bei gani. Na kwenye karatasi ile ningependa fundi aandike mambo mawili anayoweza kuyasimamia mwenyewe: kwamba linaokoa karibu theluthi ya makaa, na kwamba kikombe kikipasuka atakibadilisha.

Mimi nimemwagiza yule mfinyanzi na mwenzake wa bati wanitengenezee la pili, fupi na pana zaidi, lenye miguu minne na masikio yaliyopigwa misumari badala ya kukunjwa, ili ugali nao uhame kutoka kwenye mbabula. Wamesema kikombe kitakaushwa kivulini wiki mbili kabla ya kuchomwa. Nimekubali kusubiri.